Jua la Jumatano

Jumamosi, 20 Januari 1990

Daftari hili lilikuwa la jiografia. Nimechana kurasa za mwanzo zenye mito ya Zaire. Zilizobaki ni zangu. Nimemaliza shule! Diplome yangu ilifika wiki iliyopita, imeandikwa Kabulo Mwamba, sehemu ya biashara na ofisi, na Mama ameifunga kwenye plastiki akaiweka chini ya godoro. Nyumbani naitwa Gode, kwa sababu nilibatizwa Godelieve. Najua kupiga mashini ya kuandika kwa vidole kumi bila kutazama. Kusema mbele ya watu sijui. Darasani nikiulizwa swali, jibu lilikuwa linapanda mpaka kooni, linakaa pale.

Naanza kuandika leo kwa sababu kuna jambo. Redioni wamesema Rais anataka kusikia raia wanafikiri nini juu ya nchi. Kila kikundi kinaweza kuandika memorandumu, barua ya maoni, wajumbe watapita kuzikusanya, na hakuna atakayefungwa kwa alichoandika. Jirani yetu Mama Émérence, anayeanika samaki pamoja na Mama kule pwani ya ziwa, alizima redio yake, kisha akaiwasha tena, kama vile ingebadili maneno.

"Mama Gode! Wanataka tuseme!"

"Tuseme nini?" Mama aliuliza kutoka uani.

"Hawakusema."

Nilicheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 24 Januari

Siku mbaya. Nitaieleza vizuri, maana Jumatano zote zinafanana.

Ndakala ni samaki wadogo wa ziwa letu hapa Kalemie, warefu kama kidole. Mitumbwi inarudi nayo alfajiri, wamama wananunua kwa beseni, wanaitandaza kwenye mchanga. Inataka jua na mikono: kugeuza, kugeuza tena, kuokota kabla ya umande. Kazi ya Jumatano ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu Alhamisi asubuhi treni inaondoka kwenda Nyunzu, na kule bara watu wanaisubiri. Ikipakiwa mbichi, inafika imeoza. Sasa ni masika. Jua tunaliona saa mbili au tatu tu kwa siku, mara nyingi baada ya saa sita mchana.

Na Jumatano saa nane kamili, ndiyo filimbi. Sitwayeni Ilunga (neno bwana limekatazwa, kila mtu ni sitwayeni, raia), mkubwa wa mtaa wetu, anasimama juu ya barabara na kupuliza mara tatu. Wamama wote waache kazi, wavae pagne, vitenge vyenye picha ya Rais, wapande mpaka uwanja wa Chama, chama pekee cha nchi, kufanya animasyo: kucheza na kuimba sifa za Rais, wamejipanga mistari mitano, mpaka saa kumi na moja. Hakuna mgeni wala sikukuu. Ni mazoezi. Asiyekuja, jina lake linaandikwa, na sehemu yake ya mchanga inapewa mtu mwingine.

Leo jua lilikuwa kali kweli. Filimbi ikalia. Mama alitazama samaki, akatazama mbingu, akanawa mikono. Mimi nilicheza mstari wa tano, pale ambapo hakuna anayeona miguu yangu. Saa tisa mvua ilianguka ghafla. Tuliendelea kucheza. Kutoka uwanjani unaona pwani yote chini, na niliona beseni kumi na mbili za Mama zikigeuka kuwa uji.

Alhamisi, 25 Januari

Treni imeondoka bila gunia letu hata moja.

Jumapili, 28 Januari

Mwalimu Michel alitufuata baada ya misa! Alinifundisha siasa na uraia miaka miwili. Ndiye aliyetufundisha kwamba kila Mzaire ni mwanachama wa Chama tangu anapozaliwa. Siku ile nilitaka kuuliza, "Mwalimu, basi mimi nilichagua lini?" Likabaki kooni.

Leo alikuwa mtu mwingine. Macho yalikuwa yanawaka. "Wamama wa pwani wana haki ya kuandika memorandumu yao," alimwambia Mama. "Hiki ni kipindi cha historia. Na binti yako anajua mashini. Nimeongea na Padri, atatumia ile ya ofisi ya parokia."

Mama alinitazama kama ananipima kwa macho gauni jipya. "Ataweza?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilitaka kuruka! Mwalimu Michel ana akili kuliko watu wote ninaowajua.

Ijumaa, 2 Februari

Mvua.

Jumanne, 6 Februari

Leo nimeketi kwenye mchanga na daftari magotini, na wamama kumi na tisa wamenizunguka, wote wanasema pamoja.

"Andika, mutoto! Andika kwamba tunachoka!"

"Kuchoka, kila muntu anachoka. Andika juu ya Jumatano."

"Ndjo hiyo! Jumatano tu. Mengine yatatuletea matatizo tu, tutaandika siku ingine."

Mama Rosalie, ambaye ni mwoga kama mimi, alisema polepole kwamba filimbi ina nguvu sana, ikilia anajikuta barabarani. Mama Émérence akacheka mpaka akashika kiuno. "Filimbi ina nguvu? Ile kipande ya bati? Ilunga anaweza kupuliza mpaka mashavu ipasuke, haiwezi kumubeba hata mutoto wa mwaka moja mpaka kule juu. Ni nani anakubeba? Si miguu yako mwenyewe?"

"Miguu inaogopa."

"Basi andika, Gode: nguvu iko mu filimbi nusu, nusu ingine iko mu miguu yetu. Ile nusu yetu tunairudisha nyumbani."

Wote walipiga makofi. Niliandika mbio mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nimelala kitandani sasa na bado nafikiri: miaka sita ya shule nilidhani mamlaka ni kitu kimoja kizima kinachokaa kule juu, kama jengo. Mama Émérence hakufika hata darasa la nne.

Jumamosi, 10 Februari

Nimepiga mashini siku tatu. Mwalimu Michel anakaa pembeni, anasahihisha, mimi naanza upya. Ameandika kwa Kifaransa, maneno marefu mazuri: wanawake wa pwani, wenye kufahamu wajibu wao wa kiraia, wanaomba kwa unyenyekevu mkubwa wakubwa wenye hekima watazame upya ratiba. Kurasa tatu. Nimezipiga mara sita. Ni safi kabisa, hakuna kosa hata moja.

Jumatatu, 12 Februari

Niliwasomea wamama nikitafsiri. Mama Dorothée aliendelea kugeuza samaki.

"Ni barua nzuri," alisema mwishoni. "Ni ya nani?"

"Ni yenu, Mama."

"Mimi sikusema 'kwa unyenyekevu'. Nilisema hatutakwenda."

Mwalimu Michel alikuwa amesimama na viatu vyake vyeupe, anajaribu kutokanyaga ndakala. "Wamama, lazima kujua lugha ya wakubwa. Mimi nawasaidia. Mimi nasema kwa ajili yenu."

"Aksanti, Mwalimu," alisema Mama yangu. Yeye huwa hasemi kwenye mkutano, nilidhani uoga wangu nimeurithi kwake. "Lakini ukisema kwa ajili yetu, wao watakujibu weye. Na Jumatano watatupigia filimbi siye."

Mwalimu alikasirika kidogo, akaondoka. Sikulala vizuri mchana. Ile barua safi niliipenda sana. Niliipiga mara sita na sikuona kwamba wamama hawamo ndani.

Jumanne, 13 Februari

Tumeandika upya, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nanakili hapa mwanzo wake tu, nikiukumbuka:

"Sisi wamama wa kuanika ndakala tunasema hivi. Jumatano jua likiwaka hatutakuja kucheza. Tutageuza samaki. Mvua ikinyesha tutakuja, kama tukitaka. Tunajua kucheza, hakuna aliyetufundisha, na tulicheza kabla ya filimbi."

Kisha majina. Mwalimu alikuwa amesema jina la ubatizo haliruhusiwi kwenye karatasi ya serikali. Nilipofika kwa Mama nilikuwa nimeshaanza kuandika "Mama Gode", maana ndivyo anavyoitwa na kila mtu tangu nizaliwe, hata na mimi nikimtania.

Aliushika mkono wangu. "Hapana. Bertille Nyange. Weka yote mawili."

"Haliruhusiwi, Mama."

"Wametuambia tuseme. Wavumilie sasa."

Miaka kumi na nane nimeishi naye, na jina lake nimelisikia leo.

Jumatano, 14 Februari

Asubuhi nilipiga ukurasa ule parokiani, haraka haraka, na kaboni chini ili tubaki na nakala. Wingu lilikuwa zito, wamama wakapanda kucheza, na pale uwanjani Mama Émérence alimkabidhi Sitwayeni Ilunga bahasha. Ilunga ndiye anayetakiwa kuzipeleka zone, kwenye ofisi ya wilaya. Aliishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto.

"Kuna nini ndani?"

"Maneno," alisema Mama Émérence.

Nimerudi parokiani kuchukua nakala. Karatasi ya chini ni nyeupe! Nyeupe kabisa! Niligeuza kaboni vibaya. Wino wote umekwenda nyuma ya karatasi ya kwanza, ile iliyo ndani ya bahasha, na umeandikwa kinyume kama kwenye kioo. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hatuna nakala, na ile ya mkono niliichana baada ya kupiga. Ilunga akiitupa ziwani, itakuwa kama wamama hawakusema kitu.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 18 Februari

Ilunga alipita mbele ya kanisa, hakututazama. Nina hakika ameitupa.

Jumatano, 21 Februari

Jua. Filimbi. Walipanda. "Tusubiri wajumbe," walisema, "tumepeleka maneno, tuwape nafasi ya kujibu." Mvua saa tisa na nusu. Mama Rosalie alilia juu ya samaki wake, halafu akacheka, halafu akalia.

Jumatano, 28 Februari

Kama wiki iliyopita.

Jumatano, 7 Machi

Kama wiki iliyopita. Wajumbe wanafika Jumamosi! Mama amenyosha gauni langu la kumaliza shule. Bado sijamwambia juu ya kaboni. Nimejaribu mara nne.

Jumamosi, 10 Machi

Nitaandika yote, hata kama mshumaa utakwisha.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa wajumbe watatu waliotoka Lubumbashi, na pembeni yao bwana mmoja wa ofisi ya hapa, simjui jina, abakosi yake, koti la wakubwa lisilo na tai, imefungwa mpaka shingoni. Yeye ndiye aliyesoma memorandumu moja moja, kwa kifupi, kwa sababu zilikuwa nyingi. Wafanyakazi wa bandari, walimu, wazee wa mitaa. Sisi tulikaa safu ya pili. Mwalimu Michel alikuwa nyuma yetu. Ilunga alisimama mlangoni, amevua kofia.

"Wamama wa ndakala," alisema yule bwana, akainua karatasi mbele ya uso wake.

Ilikuwa karatasi yetu. Niliijua mara moja, kwa sababu upande wa nyuma ulitutazama sisi, umejaa wino wangu wa kaboni, kinyume. Kwa hiyo Ilunga aliipeleka! Wiki tatu nzima nimemhukumu bure.

"Wamama hawa," alisoma, "wanamshukuru Rais kwa moyo wote, na wanaomba kwa unyenyekevu wapatiwe pagne mpya za animasyo."

Watu wakapiga makofi. Wajumbe wakaandika. Mama Émérence alifungua mdomo, ukabaki wazi. Nilimsikia Mama akisema chini chini, "Si hivyo. Si hivyo."

Yule bwana bado alikuwa ameishika juu. Dirisha lilikuwa nyuma yake na mwanga ulipita ndani ya karatasi. Niliona mstari wa kwanza, kuanzia kulia. Niliona neno "wamama". Niliona "hatutakuja". Hakuwa anasoma! Alikuwa ameshika maneno yetu mbele ya macho yake na kusema ya kwake.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kiti kilianguka.

"Papa, hayo siyo yaliyoandikwa."

Sauti ilikuwa yangu. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa nje, haikuwa kooni.

"Nani huyu mutoto?" aliuliza. "Kaa chini. Mimi ndjo nashika karatasi, weye utajua namna gani?"

"Iko nyuma. Kaboni iligeuka. Naiona kutoka hapa."

Aliigeuza, akashangaa, na alipoigeuza ule upande wa mbele ukatutazama sisi, umenyooka, mweusi, wazi. Watu wa safu ya kwanza wakaanza kucheka. Na mimi nikasoma. Herufi nyingi sikuziona vizuri kwa machozi, lakini nilikuwa nayajua yote kwa moyo. Sisi wamama wa kuanika ndakala tunasema hivi. Jumatano jua likiwaka hatutakuja kucheza. Nilisoma ile ya filimbi na miguu, na kutoka madirishani mtu akapiga mluzi wa furaha. Nilipofika kwenye majina yule bwana aliikunja karatasi.

"Majina hayana lazima."

Mama akasimama. "Bertille Nyange," alisema.

"Émérence Sangu!"

"Dorothée Kyungu."

Hata Mama Rosalie. Kumi na tisa, mmoja mmoja, kila mmoja na jina ambalo nusu ya mtaa haikulijua. Nikajua kwamba ni zamu yangu, ingawa jina langu sikuliweka kwenye karatasi. "Godelieve Kabulo," nilisema, kisha nikakiinua kiti kilichoanguka.

Mjumbe mmoja mzee alisema tu, "Imeandikwa." Kisha wakaita walimu wa Nyunzu.

Nje, Ilunga alinishika kiwiko. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. "Mutoto, umeniua. Mimi nilipeleka karatasi yenu kama mulivyosema. Niliisoma, nikaogopa, nikaipeleka. Sasa watasema mimi ndjo niliwafundisha."

Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa filimbi ya mtu.

Usiku huu nimemwambia Mama juu ya kaboni. Alicheka mpaka akakohoa. "Wiki tatu umebeba hiyo peke yako? Weye kweli mutoto wangu."

Jumatatu, 12 Machi

Tunasubiri wakubwa watuite kutuhoji. Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tumeandika "jua likiwaka". Filimbi ililia, wengine walipanda, wengine hapana. Hakuna aliyeandika jina la mtu. Hilo bado si jibu.

Jumatano, 21 Machi

Mvua.

Jumatano, 28 Machi

Wingu. Wamama walibishana dakika kumi kama hili ni jua au si jua. Mama Émérence alinyosha mkono mchangani, atazame kama una kivuli. Ilunga alikuwa anatazama mkono huo pia, kutoka barabarani. Haukuwa na kivuli. Nilipumua, na nadhani hata yeye alipumua.

Jumatano, 4 Aprili

Mvua! Sijawahi kulichukia wala kulitamani jua namna hii.

Jumapili, 8 Aprili

Mwalimu Michel alikuja nyumbani. Alisema siku ile ukumbini alijisikia fahari, na pia aibu. "Nilikufundisha kila kitu isipokuwa kile ulichofanya," alisema. Alikunywa chai yake, akaenda. Bado nampenda Mwalimu, lakini sasa naona ni mtu, ana kifungo kimoja kilichokatika.

Jumatano, 11 Aprili

Mvua.

Jumatano, 18 Aprili

Jua!

Lilitoka saa nne na halikuondoka. Saa saba mchanga ulichoma nyayo. Beseni kumi na tisa za Mama zimetandazwa, pwani yote imekuwa nyeupe kama imemwagiwa fedha. Kila mmoja alikuwa na kivuli chake miguuni, kifupi na cheusi.

Saa nane filimbi ililia mara tatu.

Nitaandika ukweli: miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilipiga hatua tatu kuelekea barabarani kabla sijajua kwamba natembea. Hakuna aliyenisukuma. Nilijitazama, nimeshika pagne yenye picha mkononi, na nikauliza hatimaye lile swali la darasani: mimi nilichagua lini? Sasa, nikajijibu. Sasa hivi. Nikarudi, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikapiga magoti, nikaanza kugeuza samaki. Mama hakuniangalia, lakini alisogea kidogo, akanipa nafasi.

Filimbi ililia tena. Mama Rosalie alikuwa anatetemeka na kugeuza, anatetemeka na kugeuza.

Mara ya tatu ililia karibu. Ilunga alikuwa ameshuka mpaka mchangani, amesimama kwenye ukingo wa samaki, na viatu vyake vya serikali.

"Wamama. Nimepuliza."

"Tumesikia, Sitwayeni," alisema Mama Émérence. "Umepuliza muzuri."

"Uwanja ni mutupu. Wataniuliza. Nitasema nini kule juu?"

"Sema ulipuliza," alisema Mama, "na Bertille Nyange hakuja."

"Na Émérence Sangu hakuja."

"Na Rosalie," alisema Mama Rosalie, sauti kama ya kifaranga, "naye hakuja."

Ilunga aliitazama pwani yote. Nilidhani atapiga kelele. Alitoa daftari lake la majina na kalamu, akalifungua, jasho linadondoka kwenye ukurasa. "Muko wengi," alisema. "Sehemu zote za muchanga nitamupa nani?" Akalifunga. Aligeuka kuondoka, kisha akarudi. "Ile ya pale mwisho haijageuzwa," alisema, akaonyesha kwa filimbi.

Ilikuwa kweli. Mama Dorothée akaenda kuigeuza.

Jumla tumefunga magunia kumi na moja, makavu, yanalia kama majani ukiyatikisa. Sitaweza kulala!

Alhamisi, 19 Aprili

Treni imeondoka na magunia yote. Nilikimbia pembeni yake mpaka pumzi ikaisha.

Jumanne, 24 Aprili

Siku kubwa. Redioni Rais mwenyewe amesema Chama hakitakuwa peke yake tena. Kutakuwa na vyama vingine. Watu wanaweza kuvaa tai, kuitana bwana na bibi, kutumia majina ya ubatizo. Mtaa wote ulitoka nje. Sufuria zilipigwa. Mwalimu Michel alitokea amevaa tai ya marehemu baba yake, fundo limepinda, anakumbatia kila mtu.

"Tumepewa uhuru! Mama Gode, tumepewa!"

Mama alikuwa anaziba matundu ya beseni. Hakusimama. "Tumepewa nini, Mwalimu?"

"Kusema! Kukataa! Kuchagua!"

"Ni vizuri," alisema Mama. "Lakini Jumatano iliyopita ilikuwa yetu tayari. Hiyo hakuna aliyetupa. Usiwaambie watu tulipewa."

Mwalimu alisimama pale, mikono imefunguka. Kisha akacheka, akanigeukia. Ataanzisha chama chake hapa Kalemie, alisema, anataka mimi niwe sekretari, nipige mashini. Angeniambia hivyo Januari, ningekufa kwa furaha.

"Nitapiga maneno ya nani, Mwalimu?"

Hakukasirika safari hii. Aliifikiria. "Njoo Jumatatu," alisema, "na wamama waje pia, tuyatafute." Nitakwenda. Nataka kwenda! Na kaboni nitaitazama mara mbili.

Jumatano, 25 Aprili

Jua tena, la mwisho wa masika, tamu.

Saa nane wamama wote waliinua vichwa. Tulisikiliza. Ziwa tu. Ilunga alipita barabarani, hana kofia, na Mama Émérence akamwita, "Papa Ilunga! Sasa weye ni Papa Ilunga kama watu wengine! Filimbi iko wapi?"

"Watoto wanaichezea nyumbani," alisema. "Inanipasua kichwa."

Saa kumi kila kitu kilikuwa kimefungwa, magunia kumi na tatu. Tulikuwa tunanawa mikono ziwani, na Mama Émérence akaanza kutikisa mabega, hivyo tu, maji yanadondoka kutoka vidoleni. Mama Dorothée akapiga beseni tupu kwa mkono. Hakuna aliyeita. Rosalie akaingia, Mama akaingia, Bertille Nyange mwenyewe, pagne imefungwa juu ya magoti, na sikujua kwamba anajua kucheza hivyo, kwa sababu uwanjani hakuwahi kucheza, alikuwa anatii tu.

"Gode! Weka ile daftari chini!"

Nililiweka juu ya gunia, nikaingia. Hakukuwa na mstari wa tano wa kujificha. Hakukuwa na mistari.